Watu wa Dar wanahamia Pwani? Namna ya kuupima uhamaji kwa takwimu za sensa

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 5,383,728. Kila nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba kati ya 2012 na 2022 jiji hili liliongezeka taratibu kuliko nchi nzima, hawakubali. Foleni wanaiona, na bei ya chumba wanaijua. Jibu liko ng'ambo ya mpaka, mkoani Pwani, na mwenye simu anaweza kulitafuta mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika namba za sensa mbili

Dar es Salaam: 4,364,541 (2012), 5,383,728 (2022).
Pwani: 1,098,668 (2012), 2,024,947 (2022).
Tanzania: 44,928,923 (2012), 61,741,120 (2022).

Ziandike kamili. Kukadiria ni mwishoni.

Hatua ya 2: Hakiki mipaka

Hatua hii huwaponza wengi. Mwaka 2012 Mbeya ilikuwa na watu 2,707,410. Mwaka 2022 ina 2,343,754. Nimeshasahihisha insha nzuri kabisa iliyoeleza kwa kirefu sababu za watu "kuikimbia" Mbeya. Hakuna aliyeikimbia. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, ukaondoka na watu wake. Jumlisha mikoa hiyo miwili kwa 2022 unapata 3,688,441, yaani ongezeko la karibu milioni moja. Kwa hiyo kabla hujagusa kikokotoo, uliza kama eneo unalolilinganisha ni lile lile.

Hatua ya 3: Tafuta kasi ya ongezeko kwa mwaka

Gawa idadi ya 2022 kwa ile ya 2012. Jibu lipandishe kwa kipeo cha 0.1, kwa kuwa ni miaka kumi; kwenye simu nyingi ukilaza skrini, kitufe cha kipeo kinatokea. Toa 1, kisha zidisha kwa 100.

Pwani: 2,024,947 ÷ 1,098,668 = 1.8431. Ukipandisha kwa 0.1 ni 1.063, yaani asilimia 6.3 kwa mwaka. Dar inatoa 2.1, na taifa 3.2.

Usichukue ongezeko zima la Pwani la miaka kumi, asilimia 84.3, ukaligawa kwa 10. Watu huongezeka kama riba juu ya riba: walioongezeka mwaka huu nao wanahesabiwa mwakani.

Hatua ya 4: Linganisha na kasi ya taifa

Tanzania yote ilikua mara 1.3742. Jiulize: kama Pwani ingekwenda mwendo huo huo, ingefikia wapi? 1,098,668 × 1.3742 ni takriban 1,509,800. Waliohesabiwa wanazidi hapo kwa watu kama 515,000. Fanya hivyo kwa Dar, utaona imepungukiwa na watu kama 614,000.

Hatua ya 5: Usiharakishe kutamka "uhamaji"

Idadi ya watu hubadilika kwa vizazi, vifo na kuhama. Wanawake wa mjini huzaa watoto wachache kuliko wa vijijini, kwa hiyo sehemu ya hao 614,000 ni watoto ambao hawakuzaliwa kabisa, si watu waliofungasha virago. Na waliohamia Pwani hawakutoka Dar peke yake. Namba hizi zinakuonyesha pa kwenda kuuliza, basi.

Hatua ya 6: Nenda ukaulize

Mimi huwapeleka wanafunzi wangu Vikindu, wilaya ya Mkuranga mkoani Pwani, hatua chache baada ya kuvuka mpaka wa Dar kwa barabara ya Kilwa. Tunafika alfajiri, daladala za kwenda Mbagala, upande wa Dar, zinapojaa. Maswali ni manne: umezaliwa mkoa gani, kabla ya hapa ulikaa wapi, kwa nini ulihama, na kazi unafanyia wapi. Salamu kwanza, daftari baadaye.

Jibu linalojirudia ni la kiwanja: mtu alipanga Mbagala au Temeke miaka mingi, akapata kiwanja huku kwa bei anayoiweza, akajenga vyumba viwili, akahamia nyumba haijapigwa hata plasta. Safari moja binti mmoja alimwamkia mama muuza samaki mwenye ndoo tupu, "Shikamoo mama," akamuuliza anaishi wapi. Mama akasema, "Marahaba mwanangu. Nalala huku, naishi Dar."

Binti hakujua aandike nini. Sensa huhesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, kwa hiyo mama yule ni wa Pwani. Kwenye ramani tulimchorea mishale miwili: mmoja mzito wa kuhama, kutoka Mbagala hadi Vikindu, na mwingine wa nukta nukta wa kwenda na kurudi kila siku, ambao hauingii kwenye hesabu ya uhamaji.