Kumfundisha Mwanafunzi wa Udaktari wa Mifugo Kuuliza Habari za Mtu

Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari wa mifugo anaweza kukueleza bila kusita jinsi bakteria wa brusela, ugonjwa unaowatupisha mbuzi mimba na kuwapa watu homa, wanavyojazana ndani ya kondo la nyuma la mbuzi, lakini ukimpeleka kwenye zizi ambalo mbuzi wake wametupa mimba, mara nyingi ataondoka bila kumuuliza mfugaji kama yeye mwenyewe ana homa. Hapo ndipo ufundishaji wa Afya Moja, yaani kushughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, unapopaswa kuanzia. Anachokosa si orodha ya magonjwa yanayoambukizwa kati ya wanyama na binadamu, kwani hiyo ameshaikariri. Anakosa mazoea ya kuuliza swali lililo nje ya taaluma yake na kulifikisha jibu kwa mwenye taaluma hiyo kwa lugha anayoielewa.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya kisa kimoja kilichogawanywa katika kurasa mbili. Ukurasa wa wanafunzi wa mifugo useme kwamba mbuzi watano wametupa mimba ndani ya wiki mbili, wote wakiwa wamekaribia kuzaa, na kwamba beberu mpya aliingizwa kundini miezi michache iliyopita. Ukurasa wa wanafunzi wa udaktari wa binadamu au uuguzi umweleze mama mwenye homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno, ambaye ametibiwa mara mbili bila kupata nafuu. Jina la ugonjwa lisitajwe popote. Wakalishe wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, wape nusu saa, na uwakataze kuonyeshana karatasi: wazungumze tu. Mwanzoni kutakuwa na kimya, kisha mmoja atauliza, “Huyo mama anafuga?” Usiwasogeze kwenye swali hilo hata kama kimya kinakukera, kwa maana kulitafuta ndiko somo lenyewe.

Wakishautambua ugonjwa kuwa ni brusela, usifunge kipindi. Waambie kwamba daktari wa mifugo aliyekwenda kuchanja kundi la jirani amejichoma kidole kwa sindano yenye chanjo ya brusela iitwayo Rev.1. Chanjo hiyo ina bakteria hai waliopunguzwa makali kwa ajili ya mbuzi na kondoo, lakini bado wanaweza kumwambukiza binadamu, tena ni sugu kwa streptomaisini, mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu brusela kwa watu. Tabibu anayempokea majeruhi huenda asilijue hilo asipoambiwa, ilhali mwanafunzi wa mifugo analijua na hajawahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayelihitaji. Nyuso zao hubadilika hapo, na mjadala hauhitaji tena kuchochewa.

Kwa wanaoona haya yote ni mapambo ya mtaala, simulia yaliyotokea New York mwaka 1999. Wagonjwa ambao ubongo wao ulikuwa umevimba kwa maambukizi walidhaniwa kwanza kuwa na virusi vya St. Louis, vinavyoenezwa na mbu, wakati huohuo kunguru wakifa jijini na ndege wengine wakifa katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mtaalamu wa patholojia ya wanyama wa bustani hiyo alishikilia kwamba maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu virusi vya St. Louis kwa kawaida haviui ndege. Hatimaye vilitambuliwa virusi vya West Nile, navyo huenezwa na mbu, ambavyo havikuwahi kuonekana katika bara hilo.

Kichaa cha mbwa kinafaa kwa zoezi fupi la simu: mtu ameumwa na mbwa na amempigia daktari wa mifugo. Mwanafunzi amwelekeze kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya mara moja, hata kama mbwa anaonekana mzima na atawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Asisubiri siku hizo zipite. Hapo pia sisitiza mpaka wa kazi: daktari wa mifugo huuliza, huelekeza na hutoa taarifa, lakini hamwandikii binadamu dawa, na habari za mgonjwa hazisimuliwi zizini.

Katika kupima, mtihani wa kuchagua jibu hausaidii sana. Mtake kila mwanafunzi aandike barua ya ukurasa mmoja kwa tabibu wa yule mama, akieleza alichokiona kwenye kundi, sampuli zilizochukuliwa, nani aliwashika mbuzi bila glavu, nani anakunywa maziwa yasiyochemshwa, na anachoomba kifanyike. Barua hizo zisahihishwe na daktari wa binadamu, si na wewe. Ikirudi ikiwa na swali pembeni, “Sasa unataka nifanye nini?”, iandikwe upya.