Samaki wa tangini wakianza vituko: kagua maji kabla ya kufungua dawa

Juzi jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, alinigongea kabla ya adhana ya alfajiri. "Kaka, njoo uwaone. Wote wako juu, midomo inacheza kama wanavuta uradi." Mkononi ameshika kichupa cha dawa ya buluu, kizibo keshakifungua. Nikamwomba akifunge. Kufika saa 2 asubuhi samaki walikuwa wametulia bila tone la dawa; kati ya 12 tulimpoteza mmoja. Naandika tulivyofanya, maana kosa lake niliwahi kulifanya mimi, tena kwa madaha.

Hatua ya 1: Kaa, usiguse kitu

Vuta kigoda, kaa mbali kidogo na kioo kwa dakika 10. Ukisogea karibu watakuja kuomba chakula na hutaona lolote. Angalia mambo mawili: ni mmoja au ni wote, na ni saa ngapi. Mmoja akijitenga kwenye kona, tafuta ugonjwa au mbabe anayemwonea. Wote wakibadilika siku moja, shuku maji. Wakihangaika alfajiri halafu mchana wakachangamka, ni hewa: usiku mimea ya majini haitoi oksijeni, nayo inaitumia, kwa hiyo kabla ya kupambazuka ndipo inapokuwa haba kabisa.

Hatua ya 2: Hakikisha si tabia yake

Beta na gurami hupanda juu kumeza hewa kwa sababu wana kiungo cha kuipumua. Koridorasi hupiga mbio hadi juu mara moja na kurudi chini. Waache.

Anayewachanganya wengi ni jike la mbuna, wale samaki wa rangi kali wa Ziwa Nyasa. Anagoma kula, koo limetuna, na taya linatafuna wakati hana chakula. Huyo ana mayai mdomoni, na atayaatamia humo kwa karibu wiki 3. Dada mmoja aliniletea wa kwake kwenye ndoo akisema ana jipu la koo. Kwa ule mtikisiko wa njiani samaki alikuwa keshayatema yote. Yamelala chini ya ndoo, manjano, makubwa kuliko punje za mtama. Tulitazamana tu.

Hatua ya 3: Wakihemea juu ya maji

Hapa ndipo nilipopoteza usingizi, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza wape hewa. Washa pampu, elekeza mdomo wa chujio juu ili uso wa maji uchezecheze. Umeme ukiwa umekatika, chukua kikombe, chota maji ya tangi na uyamimine kutoka kimo cha shubiri, tena na tena. Inachosha mkono, lakini inaokoa. Kumbuka pia joto: maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyobeba kidogo. Wakati wa kaskazi, tangi langu la sebuleni limewahi kusoma nyuzi 31. Siku kama hizo huelesha chupa ya maji yaliyoganda, tena ndogo, joto lishuke polepole.

Pili, toa robo ya maji na uweke mapya. Siyo yote! Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaunguza matamvua, yale ambayo samaki hupumulia. Mimi huwa na beseni la maji yaliyokaa wazi siku nzima, klorini ikaondoka. Ila pale maji yanapotibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaacha wazi hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini, zile zenye thiosalfeti. Tena joto la maji mapya lilingane na la tangini. Mimi hutumia kipimajoto, sitegemei kidole.

Ukishafanya hayo mawili, uliza nani ameosha nini.

Mwaka wangu wa kwanza nilitoa sponji ya chujio nikaisugua bombani kwa sabuni ya kipande hadi ikawa nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Siku ya 3 samaki wote wako juu. Nikanunua pampu ya pili, haikusaidia. Nikabadilisha maji yote na kusugua changarawe pia, wakaanza kufa. Kila nilipozidisha usafi, mambo yalizidi kuharibika, na mimi najiona mtu wa bidii.

Nilichokuwa naua ni bakteria. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, jingine likaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina makali sana. Wanaishi kwenye sponji, mawe na changarawe. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Ule utelezi wa kahawia nilioufurahia ukishuka na sabuni ndiyo ilikuwa mali yenyewe. Tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kuwakuza. Naitraiti ina ubaya wake wa pekee: inaharibu damu isibebe oksijeni, kwa hiyo samaki atahema hata kama pampu 2 zinaunguruma.

Jirani naye alikuwa ameosha sponji siku chache kabla, kwa ajili ya wageni wa maulidi. Tena tangini kuna vipande vya matumbawe alivyookota ufukweni. Matumbawe na makombe hufanya maji yawe ya alkali, na amonia kwenye alkali na joto huwa sumu kali zaidi. Mbuna wanapenda maji ya aina hiyo. Gapi na tetra wake hawakuyahitaji. Yaache huko huko baharini.

Pima. Amonia na naitraiti zinatakiwa ziwe sifuri. Nunua kipimo cha matone, achana na vikaratasi: vingi havipimi amonia, na kwa unyevu wa Tanga huharibika ndani ya kopo. Kipimo changu cha amonia kikiwa manjano ni salama. Chake kilikuwa kijani, wala hakikuhitaji mjadala.

Tulichofanya: robo ya maji kila siku, chakula hakuna kwa siku 2, na nikakata nusu ya sponji yangu iliyokomaa nikaipeleka kwake ndani ya maji ya tangi langu. Hiyo nusu sponji naithamini kuliko chupa yoyote ya dukani. Na ile dawa ya buluu ingewamaliza bakteria wachache waliobaki.

Kuanzia sasa sponji aisuuze kwenye ndoo ya maji aliyoyatoa tangini, aikamue mara 2 tu. Ikibaki chafu kidogo, vizuri.

Hatua ya 4: Wakiruka na kuzunguka kama vichaa

Nani amepuliza dawa ya mbu? Nyingi zina pairethroidi, sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa inaivuta chumbani na kuishusha majini. Badilisha maji mara moja, hapa hata nusu. Siku nyingine zima pampu, funika tangi, fungua madirisha kabla ya kuiwasha tena.

Hatua ya 5: Wakijisugua kwenye mawe

Pima amonia kwanza. Ikiwa sifuri, tafuta vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi. Hapo ndipo nakubali dawa. Lakini dawa humwua kidudu anayeleta vidoa hivyo akiwa anaogelea tu, siyo akiwa amejichimbia kwenye ngozi, kwa hiyo vidoa vikitoweka usiache. Endelea siku kadhaa, kama karatasi ya dawa inavyosema.

Hatua ya 6: Akielea kichwa chini

Kama ni samaki wa dhahabu, mara nyingi ni tumbo. Mfungishe siku 2, kisha mpe njegere moja iliyochemshwa na kumenywa, uivunjevunje kwa kucha. Chakula kikavu kiloweke kwanza.