Majibu ya hatua moja kwenda nyingine: andika kwenye faili, achana na export

Jana hii kitu imenila nusu siku. Kama test zako zina hatua ya kuunda seva na nyingine ya kuikagua, ile IP (anwani ya seva) usiipitishe kwa export (amri ya sheli ya kuweka kigezo), maana kwenye paiplaini nyingi (mifumo inayoendesha hatua za test moja baada ya nyingine) kila hatua inafunguliwa sheli yake mpya, ikiisha inakufa na vigezo vyake vyote, ya pili inakuta patupu inapiga curl (amri ya kuita anwani ya wavuti) kwenye http://:8080, IP haipo, na wewe umebaki kulaumu fayawolu (mimi huyo). Kwa Terraform (zana ya kuunda seva kwa kodi), baada ya apply, yaani amri inayoiunda, piga terraform output -json > matokeo.json, hatua inayofuata isome kwa jq (zana ya kusoma JSON): jq -er .ip_ya_seva.value matokeo.json, ip_ya_seva ni jina la output yako. Hiyo -e usiisahau, ndo inafanya jq irudishe kodi ya kufeli ikikuta null (yaani thamani haipo), bila hiyo inakupa neno "null" kama IP na kujifanya imefaulu.

Njia hii inagoma hatua zikiwa kwenye mashine tofauti, hapo lazima upakie faili kama atifakti (faili ambalo paiplaini inalitunza ili hatua nyingine ilichukue). Futa pia faili la zamani mwanzoni, la sivyo utakagua seva ya jana. Na angalia siri bana, -json inamwaga hata nywila ulizowekea sensitive (alama ya Terraform ya kuficha thamani), peupe kabisa.