Jinsi ya kufuga sisimizi wa taya-mtego, kutoka malkia mmoja hadi kundi

Sisimizi wa jenasi Odontomachus wanaishi katika nchi nyingi za joto, ardhini, ndani ya magogo yaliyooza na chini ya majani yaliyoanguka. Taya zao ndefu hufunguka hadi nyuzi 180 na kubaki zimekazwa hivyo. Ndani yake kuna nywele za kuhisi, na kitu kikizigusa taya hufyatuka. Kwa spishi ya Odontomachus bauri, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha taya zikijifunga kwa mwendo wa mita 35 hadi 64 kwa sekunde. Wengi huwanunua kwa sababu ya taya hizo, kisha kundi linakufa kwa sababu zisizohusiana nazo: kiota kimekauka, au mabuu wamekosa udongo wa kusukia vifukofuko. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu unyevu na udongo.

Kabla ya kutafuta malkia, soma sheria za nchi yako kuhusu kumiliki na kusafirisha wadudu hai. Nunua spishi ambayo jina lake la kisayansi unalijua, na usimwachie hata mmoja nje, kwa maana spishi ngeni ikishika ardhi huwezi tena kuirudisha kwenye boksi.

Hatua ya 1: Tayarisha udongo

Changanya sehemu mbili za udongo mwepesi, sehemu moja ya mchanga laini na sehemu moja ya unga wa makapi ya nazi usio na mbolea. Chekecha ubaki na chembe zisizozidi milimita 1. Oka mchanganyiko kwenye trei kwa nusu saa, kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, ili kuua utitiri na mayai ya wadudu wengine. Ukipoa, lowesha kwa maji hadi ukiukamata ushikane bila kudondosha tone.

Udongo huu si pambo. Buu wa Odontomachus akikomaa hufunikwa na wenzake kwa chembe za udongo na takataka, naye hushika nyuzi zake za hariri kwenye chembe hizo ili aanze kusuka. Bila kitu cha kushikia, hariri inapotea hewani, na buu hubaki uchi hadi aoze au aliwe. Mtu akilalamika kwamba mabuu wake wanakua vizuri kisha wanatoweka, swali la kwanza la kumuuliza ni kama ameweka udongo.

Hatua ya 2: Makao ya malkia wa kwanza

Malkia wa jenasi hii hajifungii ndani kusubiri watoto kama malkia wa sisimizi wengine wengi. Hutoka kuwinda tangu siku za mwanzo. Kumweka ndani ya neli ya kioo iliyozibwa pande zote bila chakula ni kumuua polepole.

Chukua boksi dogo la plastiki lenye urefu wa sentimita 12, upana wa 8 na kimo cha 6. Mimina jasi sakafuni, unene wa sentimita 1.5. Kabla haijakauka kabisa, chimba kishimo cha sentimita 3 kwa 3, chenye kina cha sentimita 1, kwenye kona moja. Kifunike kwa kipande cha kioo, ukiacha mlango wa milimita 10. Juu ya kioo weka kitambaa cheusi au kadibodi. Sehemu iliyobaki ndiyo uwanja wa kuwindia. Toboa kifuniko na ubandike wavu wa chuma wenye matundu madogo sana.

Weka kijiko kimoja cha chai cha udongo ndani ya kishimo na kingine karibu na mlango. Dondoshea maji kwenye jasi upande wa kishimo, mililita 2 hadi 3 kwa wakati, kila rangi yake inapoanza kupauka. Jasi yenye maji huwa ya kijivu na kavu huwa nyeupe. Rangi hiyo naiamini kuliko kipimaunyevu cha bei rahisi, ambacho mara nyingi hupima hewa ya kifuniko na si ya chumba wanachokaa mabuu.

Malkia mtambue kwa kidari kinene chenye makovu ya mabawa. Kwa ukubwa hawazidi sana wafanyakazi, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa. Mfanyakazi peke yake hawezi kukuanzishia kundi: yai lisilorutubishwa hutoa dume tu.

Hatua ya 3: Joto

Lenga nyuzi 24 hadi 27 mchana, na zishuke hadi 22 au 23 usiku. Hawa hawana msimu wa kulala, kwa hiyo usiwapeleke mahali pa baridi kwa kufuata miongozo ya sisimizi wa Ulaya. Ukitumia waya wa joto, upitishe ubavuni upande mmoja tu, uunganishe na thamostati, na usiweke boksi juu yake. Joto likitoka chini, maji hupanda na kuganda kama matone kwenye kioo cha juu, matone yanaangukia mayai, na sakafu inakauka wakati wewe unadhani kuna unyevu mwingi. Likipita nyuzi 30, zima.

Hatua ya 4: Kulisha

Malkia aliye peke yake mpe windo moja la milimita 2 hadi 4 kila baada ya siku mbili au tatu: nzi wa matunda wasioruka, au nyenje waliotoka kuanguliwa. Kwa wiki mbili za kwanza wape wakiwa wamekufa au wamevunjwa miguu ya nyuma. Malkia ana taya kali, lakini akisumbuliwa na windo linalorukaruka ndani ya nafasi ndogo huogopa, na malkia mwenye hofu hula mayai yake. Mbali na hofu, njaa nayo humfanya ayale, kwa hiyo usiruke siku ya chakula kwa kudhani unampumzisha.

Sisimizi wengi hushirikiana chakula kwa kutapikiana. Hawa hubeba tone la maji matamu katikati ya taya na kulipeleka nyumbani hivyo hivyo, na nyama huiweka moja kwa moja juu ya mabuu, ambao hujilia wenyewe. Kwa sababu hiyo protini ndiyo msingi, na sukari ni nyongeza: kwa wafanyakazi kumi, tone moja la asali iliyochanganywa na maji mara tatu yake linatosha kwa wiki. Liweke juu ya kipande cha karatasi ya nailoni, uondoe kesho yake.

Kundi likiwa na wafanyakazi kumi na zaidi, wanaweza kupambana na windo hai la ukubwa wa nusu ya mwili wao hadi mwili mzima. Buu wa unga mponde kichwa kwanza, kwa kuwa huingia kwenye udongo na kutafuna mabuu wa sisimizi. Nyenje aliyekomaa akikaa usiku mzima bila kuuawa hula vifukofuko. Wadudu wa kuokota bustanini usiwape kabisa, kwani huwezi kujua nani amepulizia dawa.

Kiasi? Anza na windo moja dogo kwa kila mabuu watano, mara tatu kwa wiki. Ukikuta mabaki yenye nyama baada ya saa 24, punguza. Ukikuta maganda matupu na wafanyakazi wakizurura uwanjani, ongeza.

Hatua ya 5: Subiri, na usifungue kitambaa

Kutoka yai hadi mfanyakazi kamili tarajia miezi miwili hadi mitatu, kutegemea joto na chakula. Kagua mara moja kwa wiki, chini ya dakika moja, kwa taa nyekundu. Kifukofuko kizima huwa cha rangi ya hudhurungi na chenye doa jeusi ncha moja, ambalo ni uchafu aliotoa buu baada ya kusuka. Usijaribu kukipasua ili kusaidia. Walio nje ndio hukipasua kwa wakati wake, na mdogo hutoka akiwa mweupe na laini kwa siku kadhaa.

Hatua ya 6: Kiota kikubwa

Hamisha wakifika wafanyakazi 12 hadi 15, si kabla. Kiota kikubwa chenye wachache hujaa takataka kwenye kona ambazo hawazilindi.

Kwa boksi la sentimita 20 kwa 10, koroga gramu 500 za jasi na mililita 300 za maji, upate unene wa takriban sentimita 2.5. Kabla ya kumimina, simamisha kwenye kona kipande cha sifongo chenye kimrija cha plastiki kinachofika juu. Humo ndimo utakamopitishia maji. Baada ya nusu saa chonga vyumba vitatu vya sentimita 4 kwa 3, kina milimita 12, viungwe kwa njia za upana wa milimita 10. Njia ikiwa nyembamba zaidi, mfanyakazi aliyefungua taya hukwama na kufyatua ukutani. Acha ikauke siku tano, weka kioo, kisha mimina maji kupitia kimrija hadi theluthi moja ya jasi iwe na rangi ya kijivu. Theluthi mbili zibaki kavu, wachague wenyewe. Ongeza mikia-fyatuo 20 au 30, wadudu wadogo weupe wanaokula kuvu, kabla sisimizi hawajaingia.

Uwanja uwe na kuta za sentimita 15 na kifuniko kinachobana. Odontomachus bauri akimfyatulia adui taya huweza kurushwa nyuma karibu sentimita 40, kwa hiyo mstari wa mafuta au poda ukutani pekee haumzuii.

Yanayoharibika mara nyingi

Kuvu nyeupe kwenye mabaki ya chakula ni ya kusafisha tu. Ikiota kwenye jasi yenyewe, umemwagilia kupita kiasi au hakuna hewa. Ongeza wavu wa pili upande wa pili. Utitiri mdogo ukijaa kwenye viungo vya miguu ya wafanyakazi, ondoa chakula chote chenye majimaji, kausha uwanja, na lisha windo lililogandishwa kwenye friza kwa siku mbili, kisha likayeyuka.

Mayai yakitoweka kila wiki, chunguza mtikisiko kabla ya ugonjwa: spika au mlango unaobamizwa karibu na rafu hutosha kumvuruga malkia.

Kwa kuwashika, tumia brashi laini au kikombe chenye karatasi. Akifyatua taya kwenye kibano cha chuma anaweza kuziumiza. Mwiba wake unauma sana. Ukidungwa kisha ukavimba uso au ukapumua kwa shida, nenda hospitali mara moja.

Siku ya kuhama usiwamwage. Unganisha boksi la zamani na kiota kipya kwa mrija wa milimita 12, toa kitambaa cheusi kwenye la zamani, acha kumwagilia, na kipya kifunike vizuri. Wengine huhama usiku mmoja, wengine huchukua wiki. Ukiona wa kwanza amebeba kifukofuko kupitia mrija, zima taa na uwaache hadi kesho.