Mizani kwanza: ninavyokusanya sarafu za zamani hapa Dar

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Nina meza Kariakoo, na wateja wangu wakubwa ni wauza nafaka, wenye mabucha na masonara. Sonara mmoja ndiye aliyeniingiza kwenye sarafu bila mwenyewe kujua. Alileta mizani yake ndogo iliyokuwa inazidisha, na nilipomaliza kuiweka sawa akatoa mfukoni rupia moja ya Mjerumani, sarafu ya fedha ya wakati wa ukoloni, tuijaribie. Ikasoma gramu 11.62. Rupia ile ilipogongwa ilitakiwa iwe na gramu 11.66. Zaidi ya miaka mia imepita mikononi mwa watu, na kilicholika ni uzito wa punje mbili za mchele. Niliishika muda mrefu kabla ya kumrudishia.

Vijana wanaokuja mezani kuuliza waanzie wapi huwa nawajibu hivi.

Anzia nyumbani kwa wazee, na uanze na shikamoo, si na bei. Shangazi yangu wa Temeke alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo na sindano, na chini kabisa kulikuwa na senti kumi za mkoloni zenye tundu katikati, kazitunga kwenye uzi zisipotee. Ukikuta kopo kama hilo, uliza hela zilitoka wapi, zilinunua nini, na uandike siku hiyohiyo. Mzee akikuambia senti ile ilikuwa chenji ya mnazi uliouzwa Mzizima, hiyo ni sehemu ya sarafu yenyewe.

Ukitaka seti ya kwanza isiyoumiza mfuko, kusanya sarafu zetu za 1966. Senti 5 ina samaki sulisuli, senti 20 ina mbuni, sumni ina sungura, na shilingi moja ina mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili wa zote yupo Mwalimu. Watu wengi bado wanazo kwenye droo, na kwa sarafu hizo utajifunza jinsi ya kutofautisha iliyochakaa na iliyotulia. Baada ya hapo rudi nyuma: shilingi za simba za Afrika Mashariki, ambazo kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo ya fedha ndani yake, halafu rupia, heller na pesa za wakati wa Mjerumani. Hilo neno heller ndilo lililotuachia "hela" mdomoni. Kabla ya 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64. Baada ya hapo ikawa heller 100, na kila siku tunalitamka neno hilo tukimlipa konda.

Sasa detekta, mashine inayolia ikipita juu ya chuma au sarafu iliyofukiwa. Ya kwangu niliazima kwa rafiki anayetafuta dhahabu Chunya, nikaenda nayo shamba la babu Chanika, baada ya kukaa na baba zangu wadogo na kukubaliana kwamba kitakachopatikana ni cha familia. Usiingie kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa. Chagua mahali watu walipokaa na kuhesabu hela: chini ya mwembe mkubwa, njia ya zamani ya kisimani, palipokuwa na genge. Nenda baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu, maana mlio unafika chini zaidi. Punga taratibu, kichwa cha mashine kikiwa karibu kugusa ardhi. Ikilia, geuka upime pale pale kwa kukata msalaba. Mlio ukibaki mahali pamoja pande zote, chimba. Msumari hukudanganya upande mmoja, ukigeuka unanyamaza.

Siku ya kwanza nilipata vizibo kumi na tisa vya soda. Naandika idadi hiyo ili usikate tamaa kwenye kizibo cha kumi. Jioni mlio ukatulia karibu na shina. Nikakata udongo pande tatu, nikaufunua kama kifuniko, kisha nikachokoa kwa vidole, si kwa jembe. Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa tundu, duara dogo lililojaa udongo mwekundu. Senti kumi. Nilipoilowesha nikasoma mwaka 1936 na jina EDWARDVS VIII. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka uleule hata kabla ya kuvishwa taji, na kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni. Huku kwetu senti 5 na senti 10, ambazo kwa sababu ya tundu hazikuhitaji sura ya mfalme bali jina tu, zilishagongwa zikatumika. Si sarafu adimu wala haina bei kubwa. Ila babu yangu alikuwa hai mwaka huo, na ilidondoka chini ya mwembe wake.

Kabla hujaisogeza sarafu, piga picha shimo. Pima kina kwa kidole au futikamba, andika umbali kutoka kwenye mti, kisha rudisha udongo na ukanyage.

Kuna mahali ambapo detekta haiendi kabisa, na hapa nasema kwa uzito. Magofu ya Kunduchi, Kaole, Kilwa Kisiwani na makaburi yoyote ya zamani, usiguse. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 inavihesabu kuwa mali ya kale, havitoki nchini hivihivi. Ukikutana na kitu cha namna hiyo hata kwa bahati, ukichimba choo au msingi, simama, ukaripoti serikali ya mtaa au Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, na kwa kuwa zilitoka ardhini pamoja, mikononi mwa wataalamu, zilitueleza utajiri wa pwani hii miaka elfu iliyopita. Zingeuzwa mojamoja zingebaki vipande vya fedha tu. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Mtu anayezing'oa kwa sururu usiku anakata shairi hilo. Na ukisikia habari za rupia yenye nguvu, inayovuta mchele, inayotafutwa na tajiri kwa mamilioni, ondoka mahali hapo.

Kusafisha ni kifupi: usisugue. Kijana aliniletea pesa ya shaba ya Sultan Barghash, ile ya mwaka 1299 wa Hijria yenye picha ya mizani. Unaelewa jinsi fundi mizani alivyoisubiri sarafu hiyo. Kijana alikuwa ameisugua kwa majivu na ukwaju mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi, na vikombe vya mizani vimefutika. Hakuna dawa ya kuvirudisha. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke na hayana chumvi, siku kadhaa, ukibadilisha maji, uchafu utoke wenyewe. Dukani uliza vizuri, maana ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba. Hewa yetu ya chumvi ni adui wa shaba, kwa hiyo tunza kwenye bahasha ndogo za karatasi ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Plastiki laini inatoa utelezi wa kijani baada ya muda.

Tufike kwenye bandia, maana hapa ndipo watu wanalia. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma shilingi 180,000 kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeonyesha picha nzuri ya rupia. Ilipofika nikaiweka kwenye mizani: gramu 8.9. Sikuhitaji hata kuigeuza. Nilipoigeuza nikaona kosa ambalo ningeliona kwenye picha kama ningetulia: ilikuwa na simba na mnazi, na mwaka ulisomeka 1911. Rupia za simba, zenye jina la kampuni ya Kijerumani, ziliishia 1902. Zilizogongwa kuanzia 1904, upande wa nyuma zina shada la majani, na herufi A au J ya kiwanda kilichozigonga.

Kwa hiyo nunua mizani inayosoma pointi mbili, na ujifunze namba chache. Rupia moja, 11.66. Riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, 28.07, usishtuke zote zikiwa na mwaka 1780, zimeendelea kugongwa kwa mwaka huohuo hadi leo, ila ukingoni lazima kuwe na maandishi ya Kilatini. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo, ni 7.17 hivi, na iliyo halali ni nadra mno kuuzwa na mtu usiyemjua kwa simu. Sumaku isivute fedha, shaba wala dhahabu.

Uzito ukikubali, pima kwa maji. Weka kikombe cha maji kwenye mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Rupia halali itaongeza gramu 1.13 hivi. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itaongeza karibu 1.4, maana ni nyepesi na imejaza nafasi zaidi. Halafu chukua kioo cha sonara: sarafu iliyogongwa ina herufi zenye kona kali, iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu kama vya maandazi na mshono ukingoni.

Mtandaoni omba picha mpya: pande zote mbili, ukingo, na sarafu ikiwa juu ya mizani pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo. Tafuta picha aliyokutumia kama imeshatumika kwingine. Anayekuambia "tuma kwenye namba hii, kuna mwingine anaitaka" anakupigia wimbo uleule wa meseji za ile hela.

Mwezi uliopita nilimwandikia muuzaji wa Morogoro kwamba nitapima kwanza ndipo nilipe. Akakubali, tukakutana stendi ya Mbezi Luis, kwenye benchi la abiria, mizani juu ya begi langu na kikombe cha maji niliyonunua kwa mchuuzi. Ikasoma 11.64. Ndani ya maji, 1.13. Simba na mnazi, mwaka 1892. Nikamhesabia hela yake, akapanda basi.