Kuizoea Marekani na kuzoeleka

Mtu anaweza kukaa Marekani miaka kumi bila kuishi na Wamarekani. Anapiga zamu mbili kwenye nyumba ya wazee, Jumapili anasali na wenzake wa nyumbani, msiba ukitokea anatoa mchango kwenye kundi la WhatsApp, na jirani wa mlango wa pili hamjui hata jina. Simlaumu. Ila gari likigoma kwenye theluji, au akitakiwa kutaja watu wawili wa kumdhamini kwenye maombi ya kazi, anakuta kila anayemfahamu ana shida ileile aliyo nayo yeye.

Mwongozo huu ni wake, na wa yule ambaye viza yake imetoka juzi. Lafudhi sitaigusa. Mwenye lafudhi nzito anayejua taratibu hupita pale anapokwama mwenye Kiingereza cha puani asiyezijua.

Kumbukumbu zako ndizo ukoo wako

Kwetu mtu hujulikana kwa baba yake, mtaa wake na aliyemleta. Marekani anajulikana kwa kumbukumbu zake, na ya kwanza ni alama za mkopo, yaani namba inayoonyesha unavyolipa madeni yako, zinazoanzia 300 hadi 850. Mwenye nyumba anaziangalia kabla ya kukupangisha, muuza magari anaziangalia, benki ndiyo usiseme. Sisi tuliolelewa tukiamini kwamba kutodaiwa ni heshima hapa tunapata taabu, maana asiyewahi kukopa haonekani mwaminifu, haonekani kabisa. Anza na kadi ya mkopo ya dhamana: unaweka dola mia mbili au tatu, unanunulia mafuta ya gari na vocha, unalipa yote kabla ya tarehe. Usiitumie hadi ukingoni. Kulipa kwa wakati ndiko kwenye uzito mkubwa kuliko kitu kingine chochote katika hesabu yao.

Kuna mitego inayowanasa watu wazuri kabisa. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani anaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama si raia, jibu ni hapana, na soma fomu kabla ya kusaini, kwa sababu kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini hata ukisema hukuelewa. Bangi inauzwa dukani katika majimbo mengi, lakini kwa sheria ya shirikisho bado ni haramu, na maombi yako ya uhamiaji yanaamuliwa kwa sheria ya shirikisho. Ukihama nyumba, toa taarifa ya anwani mpya kwa idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Mwenye kadi ya kijani anayeenda nyumbani kumuuguza mzazi na kupitisha miezi sita ajiandae kuulizwa maswali uwanja wa ndege, na akikusudia kufikisha mwaka aombe kibali cha kurejea kabla hajaondoka. Kodi nayo: ukishakuwa mkaazi, pango unalopokea kwa nyumba yako ya Kimara au Kasarani ni kipato unachotakiwa kukitaja Marekani, na akaunti zako za nje zikifika kwa jumla zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna fomu yake.

Taa za buluu nyuma yako

Nyumbani trafiki akikusimamisha unashuka, unazunguka gari, unamsalimia afande, mnaongea kiutu uzima. Marekani usishuke. Simama pembeni palipo salama, zima gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, shusha kioo, weka mikono yote miwili juu ya usukani na utulie. Askari anakuja akiwa amejiandaa kwa uwezekano kwamba dereva ana bastola, kwa sababu nchi ile dereva kweli anaweza kuwa nayo. Leseni ikiwa mfuko wa nyuma, sema kwanza: "Leseni iko mfukoni, naomba niitoe." Ndipo utoe, taratibu. Ukiona umeonewa, ya kubishia yabishie mahakamani, si barabarani. Na lile suala la kitu kidogo lifute kichwani kabisa, hata kwa utani.

Adabu zao

Mmarekani atakuuliza hujambo huku anatembea, na jibu akilikosa hana habari. Kwa mtu wa Pwani, aliyezoea kuulizwa habari za nyumbani, watoto na kazi kabla ya neno lolote, hii ni dharau. Si dharau. Vilevile akikwambia "tutafutane siku moja tule chakula" hajakualika. Mwaliko una siku, saa na mahali. Ukipata wa namna hiyo, saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili, na usiende mikono mitupu. Chapati zimefungua milango mingi kuliko barua za maombi. Usipite kwa mtu bila kumjulisha, usimuulize mshahara, na ukimkuta mfanyakazi mwenzako amerudi likizo na mashavu, usimpongeze kwa kunenepa. Utazungumziwa ofisi nzima.

Mgahawani bakshishi ni kati ya asilimia 15 na 20. Usiichukulie kama hisani: kwa sheria ya shirikisho mhudumu wa bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, ingawa majimbo kadhaa yameweka juu zaidi.

Kwenye usaili wa kazi, malezi yetu yanatuumiza. Tumefundishwa kumtazama mkubwa chini na kumwachia mwingine atusifu. Anayekusaili akiona hivyo anadhani unaficha kitu. Mtazame usoni, taja ulichofanya: wodi ya wagonjwa wangapi, ghala la ukubwa gani, ulisimamia nani. Bosi mwenye mvi akisema mwite Bob, mwite Bob.

Watoto

Hapa ndipo familia nyingi zinapochanikia. Kumrudi mtoto kwa kiasi si kosa la jinai lenyewe katika jimbo lolote, lakini mwalimu, nesi na daktari wanabanwa na sheria kutoa taarifa wakishuku mateso, na alama ya mkanda kwenye paja la mtoto siku ya michezo inatosha kuleta watu wa ustawi wa jamii mlangoni jioni. Tafuteni adhabu nyingine. Simu inyang'anywe, itamuuma kuliko fimbo.

Jambo la pili halisemwi sana. Mtoto hushika Kiingereza haraka, na ghafla yeye ndiye anayesoma barua za benki, anaongea na mwenye nyumba, anamtafsiria mama yake mbele ya daktari. Mama anamwambia daktari kwa mdomo wa mtoto habari za hedhi yake. Mamlaka ya mzazi yanaondoka hapo, polepole. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Omba wa Kiswahili, hata kama ni kwa simu, na mtoto asubiri nje. Nyumbani endeleeni na Kiswahili. Cha shule kitajitunza chenyewe.

Mji wa Lewiston

Wanaouliza kama wageni wanaweza kweli kuingia katika jamii ya Marekani nawatajia Lewiston, jimbo la Maine, mji wa viwanda vya nguo uliojengwa kwa jasho la Wakanada wa Kifaransa. Nao walibaguliwa walipofika. Mwaka 1919 Maine ilipiga marufuku kufundisha kwa Kifaransa shuleni. Wasomali walianza kuingia 2001. Mwaka uliofuata meya aliandika barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja, na Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaitisha mkutano. Waliojitokeza kuwapinga walikuwa maelfu. Baadaye wakaja Wabantu wa Somalia kutoka kambi ya Kakuma, na miongoni mwao wapo wanaozungumza Kizigua, lugha ya mababu waliochukuliwa utumwani kutoka Tanganyika karne ya 19. Mtu wa Handeni angesikilizana nao.

Wasomali hawakungoja kupendwa. Walifungua maduka barabara ya Lisbon, iliyokuwa imekufa, wakaunda vyama vyao, na watoto wakaingia timu ya soka ya shule. Mwaka 2015 timu hiyo, yenye vijana waliokulia kambi ya Dadaab, ilitwaa ubingwa wa jimbo. Chuki haikuisha mjini, na mwenye kukwambia iliisha anakudanganya. Ila wazazi wa pande zote walikuwa wamekaa jukwaa moja msimu mzima, na mtu uliyekaa naye kwenye baridi mkishangilia bao moja ni vigumu kumrudisha kuwa mgeni.

Fanya hivyohivyo, kwa kiwango chako. Timu ya mtoto, maktaba ya mtaa, kikao cha wazazi shuleni, chochote chenye watu wasio wa kwenu.

Na kuna kosa moja nawaomba Waafrika wenzangu tuliache: kuwasema Wamarekani Weusi kwa maneno tuliyoyaokota kwenye televisheni. Sheria ya 1965 iliyofungulia milango wahamiaji wa Afrika ilipita katika wimbi la haki walizozipigania wao. Siku ya kusimamishwa barabarani, askari hataulizia kabila lako.

Uraia unaombwa baada ya miaka mitano ya kadi ya kijani, au mitatu kwa aliyeoana na raia na anaishi naye. Kwa maombi ya kuanzia 20 Oktoba 2025 mtihani wa uraia ni maswali 20 kutoka orodha ya 128, na unatakiwa kupata 12. Mkenya anaweza kubaki na uraia wake wa kuzaliwa tangu katiba ya 2010, Mganda pia anaruhusiwa. Mtanzania mtu mzima anaupoteza. Marekebisho ya sheria ya 2025 yameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, ambayo si uraia. Kama una kiwanja kwa jina lako, ongea na mwanasheria wa ardhi nyumbani kabla hujapeleka fomu.