Kugawanya kwa 0.98 bila kikokotoo

Ukitaka kugawanya kwa namba iliyo karibu na 1, tumia mfululizo usio na kikomo: 1/(1−x) = 1 + x + x² + x³ na kuendelea. Chukua 700 ÷ 0.98. Hapa x ni 0.02, kwa hiyo kila mara unaongeza asilimia 2 ya namba iliyotangulia: 700 + 14 + 0.28 + 0.0056. Jumla ni 714.2856, jibu halisi linaanza na 714.2857. Kwa makadirio ya haraka, mimi huishia kwenye 714.

Ukigawanya kwa 1.03, alama hupishana: toa, jumlisha, toa. Raha yake ni kwamba kosa halizidi namba ya kwanza uliyoiacha. Ila x ikifika 1, njia hii haifanyi kazi.